Madaftari Mawili

Kosa langu lilikuwa kupokea simu mkono ukiwa kwenye ugali na sombe. Alikuwa jirani yangu wa New Congo, hapa Nakivale, mlezi wa timu za vijana. "Ndugu, tovuti ya timu imekufa tena!"

Haikufa, ilizidiwa. Mechi ikiisha, kila aliyekanyaga uwanja anataka kuona picha yake papo hapo, na mashangazi walioko Marekani na Australia nao wanabisha hodi. Seva yetu moja, mzee anayekaa Mbarara, ingefanyaje?

"Ongeza ya pili," akaniagiza, kama anayeongeza maji kwenye maharage.

Nikaongeza. Mlangoni nikaweka programu ya Nginx igawe wageni kwa zamu: huyu seva ya kwanza, yule ya pili. Makazi haya yamepokea wakimbizi tangu 1958 na yamegawanywa kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo. Nikaona kugawa mzigo kumo damuni mwangu. Nikasahau kwamba pamoja na kanda zote hizo, majina yetu yanatunzwa kwenye rejesta moja.

Wapo majirani wengine, mume na mke, wenye duka. Asubuhi mke ndiye muuzaji, jioni mume, kila mmoja na daftari lake la madeni. Ukimlipa papa jioni, kesho mama anakudai. Mwaka jana niliwacheka mpaka machozi. Sasa ni zamu yangu.

Tovuti yetu ni ya WordPress, na makala zake zilikaa kwenye hifadhidata moja, hapo nilikuwa na akili. Lakini picha ilibaki kwenye folda ya seva iliyoipokea. Mwenzake hana habari. Mtu anafungua ukurasa, anajiona. Anaufungua tena, hayumo. Nahodha akanipigia: "Kaka, kwa nini unanifuta?" Mashabiki wa timu ya Warundi wakaapa kwamba Mkongo anaficha mabao yao.

Katibu wa timu naye kila akibonyeza "chapisha" anaulizwa neno la siri. WordPress hupiga muhuri kuki ya anayeingia kwa funguo nane za siri zilizo ndani ya wp-config.php. Mimi fundi niliacha kila seva ijitungie zake nane. Muhuri wa huku, kule ni karatasi ya kufungia karanga.

Intaneti ikagoma siku hiyohiyo, nikapanda taksi kuzifuata seva Mbarara. Konda wetu hana habari na zamu: kiti cha watatu kilibeba wanne, na jogoo akakaa kwangu. Nikafika na vumbi hadi kwenye nyusi, nikazipa seva zote funguo zilezile nane na folda moja ya picha. Nikarudi usiku, mshindi.

Jumapili fainali. Seva mbili zilisimama imara, zikapokea watu bila kutokwa jasho, kisha zikawasukuma wote kwenye hifadhidata ileile moja, ya MySQL. MySQL usipoigusa hukubali miunganisho 151 kwa wakati mmoja, nami sikuigusa. Ikajaa, ikafunga mlango. Seva zangu zikabaki zinatazamana kama mume na mke wa duka baada ya mtoto kuficha daftari.

Simu ikalia. Nilijua atasema nini: ongeza ya tatu.

Sikupokea. Ugali ulikuwa bado wa moto.