Mheshimiwa Ametoka Vizuri

Kila mwaka Wajerumani, Wajapani na Wachina hutoa lenzi mpya za kamera za renjifainda, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupiga simu Embu kuuliza tunataka nini. Wakikaa mezani huulizana jambo moja tu: mwanga tutauongezaje? Mwaka 2008 Leica walifika f/0.95 kwa Noctilux yao ya milimita 50, yenye uzito wa gramu 700 na bei iliyopita dola 10,000. Wachina wa 7Artisans na TTArtisan wakafuata kwa bei ya binadamu, wa kwanza kwa f/1.1, wa pili kwa f/0.95 ile ile. Sasa fikiria. Ikweta inakata barabara yetu kati ya Nkubu na mji wa Meru. Jua la saa sita kule Kiritiri linakufanya ukunje macho hata ukiwa umeyafumba. Nasi ndio tunaoletewa lenzi za kuonea gizani.

Kwa asiyezijua, renjifainda ni kamera ambayo huangalii kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha cha pembeni, na katikati ya kidirisha hicho mtu anaonekana mara mbili, yeye na mzimu wake. Unazungusha lenzi mpaka mzimu umwingie mwenyewe, kisha unabonyeza. Harusini, sekunde chache kabla ya picha, kila bwana harusi huwa ana wake wawili, na nimeona wengine wakisimama kana kwamba wanalijua hilo.

Yangu ni Zorki-4, iliyotengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow, katika toleo lililodumu tangu 1956 hadi 1973. Mjomba wangu wa Nkubu alirudi nayo kutoka masomoni Urusi, pamoja na koti zito ambalo Meru haijawahi kupata baridi ya kulistahili. Koti liliisha. Kamera ilikataa. Mbele yake imefungwa Jupiter-8, lenzi ya milimita 50 yenye f/2, ambayo kwa Kirusi chake chote inapiga picha nzuri ikiwa haijaudhiwa.

Tatizo la kwanza la mwenye Zorki ni skrubu. Lenzi yake inazungushwa kwenye uzi wa milimita 39, mtindo ambao Leica wenyewe waliutumia tangu miaka ya 1930 kabla ya kuja na bayoneti ya M mwaka 1954. Kutoka kwenye filamu hadi mdomo wa kamera, skrubu inahitaji milimita 28.8, bayoneti inahitaji 27.8. Kwa hiyo lenzi ya skrubu inaweza kwenda kwa kamera ya M ikivalishwa pete ya milimita moja, lakini lenzi ya M haiwezi kuja kwangu hata ikivalishwa suti. Milimita moja tu, na mimi ndiye niliye upande usiofaa wa mto. Mwaka 1999 nilikuwa na sababu ya kutabasamu: kampuni ya Cosina ya Japani ilifufua jina la Voigtländer, lililoanzia Vienna mwaka 1756, ikatoa lenzi mpya kabisa za skrubu, ikiwemo ile Heliar ya milimita 15. Baadaye nao kwa sehemu kubwa wakahamia bayoneti. Kila ninaposikia lenzi mpya imetangazwa huwa nauliza swali moja, na jibu huwa ni bayoneti.

Lakini tuseme hao Cosina, kule Nagano, wamenihurumia na wako tayari kunitengenezea lenzi. Ningewaomba kwanza wanipe lenzi inayoona karibu. Jupiter-8 haitaki mtu akae chini ya mita moja kutoka kwake, na huyo Mrusi aliyeamua hivyo hakumjua shosho yangu wa Kianjokoma. Shosho haoni vizuri, kwa hiyo kila kitu hukisogelea. Siku niliyotaka kumpiga picha jikoni kwake nilimweka kando ya jiko, nikarudi hatua moja, nikainua kamera. Akaja.

"Shosho, simama hapo hapo."

"Hapo wapi? Sioni unachofanya."

Nikarudi nyuma tena. Akaja tena. Tukatoka mlangoni hivyo, mimi kinyumenyume, yeye na mwiko mkononi, mzimu wake kwenye kidirisha ukimkaribia na kumkimbia bila kuamua.

"Mbona unanikimbia? Aibu gani hii? Anayepigwa picha kwa mbali ni mwizi!"

Tulipita kuku, tukapita beseni la vyombo, tukapita kikapu cha kuchumia chai, na kwa kuwa kamera haina jicho la nyuma, safari iliishia ndani ya kihori cha ng'ombe, juu ya nepia iliyokatwa asubuhi hiyo. Ng'ombe alishangaa, akapiga chafya kwenye lenzi. Shosho akainama kunitazama, akacheka mpaka akashika goti. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kumpiga, isipokuwa alikuwa umbali wa sentimita 60, kwa hiyo kilichotoka vizuri ni mlango wa jikoni. Siku hizi baadhi ya lenzi za M hushuka hadi sentimita 50, ingawa kipimo cha kamera nyingi huachia njiani kwenye 70 na kukuacha ukadirie mwenyewe. Mimi hata hiyo 70 ningeipokea kwa mikono miwili. Shosho mwenyewe angesimama kwenye 30.

Ombi la pili ni udogo. Lenzi kubwa kwenye renjifainda huingia kwenye kidirisha na kula pembe ya chini kulia. Jupiter yangu si kubwa, ila vioo vyake vya zamani vikipigwa na jua huzalisha weupe picha nzima, basi fundi wa jua kali akanitengenezea kofia ya lenzi kutokana na mkebe wa maziwa ya unga. Jua likakoma. Pembe ya chini kulia ikatoweka pia, na nimegundua kwamba watu wa Embu na Meru wana kipaji cha pekee cha kufanya mambo yao katika pembe hiyo. Filamu ikishaoshwa Nairobi ndipo najua nani alikuwa akifunga nyama ya mbuzi kwenye gazeti wakati wa maombi.

Lenzi ya mbali siiombi, maana fremu zinazoonekana kidirishani kwenye kamera za Leica M zenyewe huishia milimita 135. Watu bado huniuliza kama nimepiga simba wa mbuga ya Meru. Nimewapiga. Wako kwenye picha, ukiwa na subira. Joy Adamson alikuwa na bahati: simba wake Elsa, aliyerudishwa porini huko huko Meru, alikuwa akija mwenyewe.

Ninachokiomba kwa machozi ni lenzi isiyoota kuvu. Julai ukungu ukishashuka kutoka mlimani, kuanzia Kianjokoma hadi msitu wa Imenti, nguo hazikauki, chumvi inalia, na ndani ya Jupiter-8, katikati ya vioo sita vilivyopangwa makundi matatu, panaota nyuzi nyeupe nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni. Leica wenyewe wakija kuishi Igoji mwezi huo wangeacha biashara. Nikaipeleka lenzi kwa fundi wa saa mjini Meru, kwa kuwa fundi wa kamera wa mwisho niliyemfahamu alishageukia kutengeneza simu.

"Lenzi ni saa isiyo na mishale," akaniambia, akaifungua kabla sijakaa.

Alivisafisha vioo mpaka vikang'aa. Akaviweka vyote mahali pake, kwa mpangilio uliokuwa sahihi, na hilo peke yake linastahili heshima. Mezani pakabaki kipete chembamba cha chuma.

"Na hiki?"

"Hicho hakikuwa na kazi."

Kilikuwa na kazi. Kipete hicho ndicho kinachosukuma vioo mbele kidogo, kiwandani wakipima, ili kile ambacho kidirisha kinasema ni kikali kiwe kikali kwenye filamu pia. Kikiondoka, vioo vinarudi nyuma, na lenzi inaanza kuona vizuri mambo yaliyo nyuma ya mtu unayemlenga. Fundi alikitupa kwenye kopo lenye vipete wenzake wapatao mia. Mpaka leo kiko humo.

Wiki iliyofuata palikuwa na ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yangu Igoji. Nililenga maharusi watarajiwa kwa makini yote, mzimu ukawaingia barabara, nikabonyeza filamu nzima. Picha ziliporudi kutoka Nairobi, binamu na mchumba wake walikuwa mawingu mawili yenye meno. Nyuma yao, kwa ukali wa kuhesabu vifungo vya shati, alisimama mgombea wa kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi, ambaye hakuna aliyemwalika. Katika kila picha. Anakula, anapiga makofi, anafuta machozi ya furaha ya familia isiyomhusu. Shangazi aliziangalia moja baada ya nyingine akauliza, "Kwani mahari imelipwa na huyu?"

Binamu hanisalimii. Mgombea, kwa upande wake, alinitafuta mpaka Embu. Alisema amepigwa picha na watu wenye kamera za maana, za Nairobi, na hakuna aliyewahi kumtoa hivyo; akaagiza nakala kubwa za mabango. Nilipomweleza habari za Nagano, skrubu na bayoneti, alisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusikiliza habari za mabomba ya maji, kisha akatoa ahadi mbele ya mashahidi wawili na mwendesha boda boda: akishinda Agosti 2027, ataninunulia lenzi mpya, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 juu yake.

Kwa hiyo siku hizi nazunguka wadi nzima nikimpigia debe. Nimejifunza wimbo wake, nimevaa kofia yake, na shosho ameahidi kumwambia kila anayemkuta kwenye zahanati. Mgombea mwenyewe aliniuliza jambo moja tu kabla ya kuondoka: je, hiyo lenzi mpya itamtoa vizuri kama hii? Nikamjibu kwamba itategemea amesimama wapi.