Kiboksi Chekundu

Bosi wangu hana makuu. Kwenye ripoti ya chanjo ya mikoa 26 ya Tanzania Bara, alitaka kiboksi kimoja cha mstari wa jumla kiwe chekundu iwapo asilimia ya waliochanjwa itashuka chini ya 90. "Kimoja tu, mwanangu," alisisitiza, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Ripoti zetu hatuzipaki rangi kwa mkono. Tunaandika amri kwenye SAS, programu ya takwimu, inajumlisha yenyewe na kuchora jedwali. Nikaiweka rangi kwenye RBREAK, amri inayozaa mstari wa jumla, nikatuma kwa mbwembwe. Ukarudi ujumbe: "Mbona umechinja?" Mstari mzima ulikuwa mwekundu, kuanzia neno "Jumla" hadi tarakimu ya mwisho.

Nikajifunza COMPUTE, ambayo huipa kila safu masharti yake. Kiboksi alichokitaka ni cha idadi ya waliochanjwa, basi sharti nikalipachika kwenye safu hiyo: asilimia ikiwa chini ya 90, paka. Safari hii hakutuma ujumbe, alipiga simu. Viboksi vyote 27 vimewaka, mikoa pamoja na jumla yake, utadhani nchi nzima imekimbia sindano. "Hii ikifika juu tumekwisha!"

Kumbe jedwali hujengwa kutoka kushoto kwenda kulia. Programu ilipofika kwa waliochanjwa, asilimia iliyo kulia kwao ilikuwa haijazaliwa. Na kwa SAS, namba isiyokuwepo ni ndogo kuliko namba yoyote, hata hasi milioni. (Mimi ningesema haipo, basi, lakini sikuulizwa.) Nikalihamishia sharti kwenye safu ya asilimia, ya mwisho kabisa, ambako unaweza kugeuka nyuma ukapaka kiboksi cha kushoto kwa kukitaja jina. Nikaongeza kwamba lifanye kazi pale tu _BREAK_ inapokuwa sawa na '_rbreak_', yaani kwenye mstari wa jumla.

Hakikuwaka kitu. Magharibi inaingia ndipo nikagundua kwamba thamani hiyo huandikwa kwa herufi kubwa, '_RBREAK_'. Nikarekebisha. Bado kweupe. Nikaibeba kompyuta hadi nyumbani. Ugali ukapoa nikibadili alama za nukuu, nikifuta, nikirudisha, nikizima na kuwasha. Saa tatu usiku mwanangu wa darasa la nne akaja kutafuta kichongeo chake. Akainama kwenye kioo.

"Baba, hapa chini pameandikwa 93. Kwani 93 ni ndogo kuliko 90?"

Nikampa kichongeo.

Asubuhi bosi akaipitia ripoti mara mbili, kidole kikitambaa kwenye mstari wa jumla. "Kiboksi changu kiko wapi?"

"Tumevuka lengo, mama. Wekundu hautokei."

Akavua miwani. "Hata kidogo?"