Salama, Ila Muamala Haukupita

Chekereni ni mahali pa watu wasiobahatisha. Kwenye tambarare hii ya chini ya Moshi, ndani ya mradi wa umwagiliaji uliokamilika mwaka 1987 kwa fedha za Japani, maji ya Rau na Njoro hupita kwenye malango na mifereji, na kila mwenye jaruba la mpunga anajua zamu yake ni lini na nani wa juu yake hupenda kuchelewa kufunga. Lakini mtu huyo huyo, awezaye kukueleza maji yake yamekwamia wapi, akinunua umeme wa LUKU kwa simu, pesa ikakatwa na tokeni isije, maelezo yake yote ni neno moja: mtandao. Jirani ataongeza kwamba ni mawingu ya mlimani. Kilimanjaro umeshasingiziwa mengi, na kosa hili nalo umebebeshwa. Mimi nashikilia kwamba mara nyingi mtandao na mlima hawana hatia. Mkosaji amekaa getini, yaani kwenye ile API inayopokea maombi kutoka nje na kuyapeleka ndani kwa programu zinazofanya kazi yenyewe, na kosa lake ni kwamba anatafsiri maneno bila kutafsiri adabu.

Tuanze na waliomo ndani. Nyuma ya kila huduma ya kulipia kwa simu kuna kundi la programu zinazotumana usiku na mchana: wewe kagua salio, wewe kata pesa, wewe toa tokeni. Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson, watafiti wa Xerox kule Marekani, walieleza namna programu inavyoweza kuagiza kazi ifanyike kwenye kompyuta nyingine kwa maneno yale yale ambayo ingeyatumia kujiagiza yenyewe. Ni uvumbuzi mzuri, na ndani yake mna uongo mzuri vilevile. Miaka kumi baadaye Jim Waldo na wenzake wa Sun Microsystems waliandika kwamba cha mbali hakiwezi kugeuzwa cha karibu kwa kukiita jina la karibu, kwa sababu cha mbali kinaweza kuharibika nusu: agizo limefika, kazi imefanyika, jibu limepotelea njiani. Anayejiagiza mwenyewe hapati mkasa huo. Hakuna mtu aliyejituma dukani kisha akakaa nyumbani akijiuliza kama amesharudi.

Humo ndani uongo huo unavumilika, maana programu zinajuana na waliozitunga wanakaa meza moja. Taabu huanza pale mlango unapofunguliwa kwa watu wa nje, wenye simu za kila aina na vivinjari vya kila umri. Chukua gRPC, njia ya kuagizana kazi namna hiyo ambayo Google waliitoa kwa umma mwaka 2015 na sasa imejaa kwenye mifumo mingi. Husafiri juu ya HTTP/2, itifaki ya wavuti, hubana ujumbe wake hadi jicho la binadamu lisiweze kuusoma, na habari ya kufaulu au kushindwa huiweka mwishoni kabisa, kwenye mkia wa jibu. Mwanzoni hutanguliza 200, namba ambayo kwenye wavuti maana yake ni shwari, hata kama kazi yenyewe imeanguka. Ni kama salamu zetu. Unamuuliza mtu habari za nyumbani, anakujibu nzuri, salama kabisa, tunamshukuru Mungu, ila bibi amelazwa hospitali ya KCMC na paa limeezuliwa na upepo. Sisi tumezaliwa tukijua kwamba habari zote ziko baada ya "ila". Kivinjari hakijui. Programu za ukurasa wa wavuti haziruhusiwi kuusoma mkia huo, kwa hiyo kivinjari kingesikia "nzuri", kikaaga, kikaenda zake. Ndiyo sababu ikabidi pawekwe mtu wa katikati, kama vile grpc-gateway, anayepokea ombi la kawaida la JSON, yaani maandishi yanayosomeka, analigeuza kuwa lugha ya ndani, kisha analigeuza jibu lirudi. Na hata yeye, jibu likiwa ni mfululizo mrefu, huwa ameshatamka 200 kabla hajasikia habari za paa.

Waliolielewa jambo hili mapema ni jirani zetu. Mwaka 2015 Safaricom walipofungua M-Pesa kwa watengeneza programu wa Kenya, maombi yalipaswa kufungwa kwa SOAP, bahasha nzito za XML zilizowatoa watu jasho. Mwaka 2017 wakaleta Daraja, API nyepesi ya JSON. Lakini wepesi si sifa yake kubwa. Sifa yake ni kwamba haikujidai. Duka likiomba mteja atokewe na kisanduku cha kuweka namba ya siri, Daraja hujibu papo hapo kwamba ombi limepokelewa ili lishughulikiwe. Limepokelewa, basi, hakuna aliyesema limelipwa. Matokeo huja baadaye kwenye anwani ambayo duka lenyewe liliitaja, yakiwa na namba inayosema mteja amelipa, salio lake halikutosha, au ameghairi mwenyewe. Waliotunga walikubali kwamba kati ya kuomba na kulipa kuna binadamu anayetafuta miwani yake. Bado wapo watengeneza programu wanaosoma lile jibu la kwanza, wakafurahi na kumkabidhi mteja gunia la mchele. Hao si kosa la Daraja.

Ukidhani haya ni mambo ya wakubwa yasiyomhusu mtu wa kawaida, tazama namba. JavaScript, lugha ya vivinjari vyote, huhifadhi namba zake za kawaida kwa usahihi hadi 9,007,199,254,740,992, tarakimu 16. Zikizidi hapo, za mwisho zinakadiriwa. Namba ya malipo ya serikali, ile ambayo kila mtu anaiita kontroo namba, ina tarakimu 12, kwa hiyo inapita salama. Namba ya simu imeshapoteza ile sifuri ya mbele kila ilipochukuliwa kama hesabu, kana kwamba kuna mtu atakayejumlisha simu ya shemeji na simu ya mjomba. Ila tokeni ya LUKU ina tarakimu 20, na namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ina tarakimu 20. Geti likizituma kama hesabu badala ya maandishi, tarakimu za mwisho zinageuka sifuri, mita inaikataa tokeni, na raia anaambiwa hayupo. Tena usikimbilie kusema tuzihifadhi ndani kwenye biti 64, maana kikomo chake ni 18,446,744,073,709,551,615, na NIDA huanza na mwaka wa kuzaliwa. Namba ya aliyezaliwa 1844 inaingia. Ya aliyezaliwa 1845 imebaki nje. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona mlima huu mwaka 1848 na kusimulia habari za theluji ambazo mabwana wa London walizikataa, alizaliwa 1820. Yeye angesajiliwa bila shida. Wengine wote, pamoja na mkurugenzi wa mradi wa mfumo huo, ni wadogo mno kwa umri. Google waliiona hatari ya namba kubwa, ndiyo maana wakigeuza namba za biti 64 kwenda JSON huzifunga kwenye alama za kunukuu ziwe maandishi. Ila hakuna kigeuzi kinachoweza kukukumbusha kwamba kitambulisho hakikuwa hesabu tangu mwanzo.

Dawa ni kulitunga geti kwa mkono kwa ajili ya wa nje, na mhandisi atanijibu kwamba hapo ninamtafutia kazi mara mbili. Orodha ya huduma za ndani ipo tayari, chombo kinaisoma na kuzalisha geti zima kwa dakika chache, na kesho huduma ikibadilika geti linabadilika nalo. Hoja hiyo ina uzito, na kwa mifumo ambayo mtumiaji wake ni idara ya pili kwenye ghorofa moja nitaikubali bila ubishi. Lakini hicho kinachohesabiwa kuwa ni faida, kwamba geti linabadilika na mambo ya ndani, ndicho kinachomuumiza wa nje, ambaye programu yake iko kwenye simu ya mtu na haibadiliki kesho. Atasema pia kwamba mtandao wa vijijini kweli hukatika. Hukatika, sana tu. Ndiyo sababu ya kulidai geti likubali kila ombi lije na alama yake, ili mtu akibonyeza mara ya pili kwa wasiwasi, wa ndani watambue ni ombi lile lile na wamrudishie jibu la kwanza badala ya kumkata tena. Mtandao mbovu ni hali ya hewa. Kukatwa pesa mara mbili kumetungwa na mtu aliyelipwa mshahara.

Na kuna suala la makosa, ambalo chombo cha kuzalisha hulimaliza kwa haraka inayotia shaka. gRPC ina namba 17 za kueleza kilichotokea, kuanzia sifuri ya kufaulu. Kwa kawaida grpc-gateway ikizipeleka kwenye HTTP, aliyejaza taarifa vibaya na ambaye masharti yake hayajatimia wote wanapewa 400, namba ya ombi lenye kasoro. Kosa lisilojulikana, hitilafu ya ndani na upotevu wa data vyote vinakuwa 500. Namba ya asili imo bado ndani ya jibu, kwa atakayehangaika kuisoma. Mtengeneza programu ya simu, Ijumaa jioni, hahangaiki: anaitazama ile 400 na kuandika "Taarifa ulizoingiza si sahihi." Basi mwenye nyumba iliyo gizani, ambaye shida yake ni kwamba salio limepungua shilingi mia tano, anaichukua namba ya mita iliyokuwa sahihi na kuanza kuirekebisha.