Ami, Hii Yanywa Lita Ngapi?

Mwembe Tayari, Mombasa, mtu hahitaji sababu ya kusafiri. Akisimama karibu na ofisi za mabasi kwa muda kidogo, atakatiwa tiketi ya Nairobi hata kama alitoka nyumbani kununua vitunguu. Mikokoteni ya nyanya, tuktuk, matatu na wachuuzi hugombea Barabara ya Jomo Kenyatta tangu alfajiri, na mnara wa kumbukumbu ya askari wa Kiafrika wa Vita Vikuu vya Kwanza uko papo hapo, ukishuhudia vita vingine vya kila siku, vya nafasi ya kuegesha. Katika mtaa kama huu, mtu anayetaka kwenda Nairobi kwa pikipiki yake, kwa petroli yake, na kwa raha zake tu, lazima ajieleze. Ami anajieleza kila asubuhi.

Ami, maana ndivyo anavyoitwa na kila aliye mdogo kwake, ana Honda ST1100 ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Injini ya silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa cc 1,084, tangi la lita 28, na uzito unaozidi kilo 300 tangi likijaa. Haina cheni, nguvu hufika gurudumu la nyuma kwa shafti. Huegeshwa katikati ya Boxer na TVS za cc 100 na 150, na kila kijana wa bodaboda anayeipita huuliza swali lile lile: "Ami, hii yanywa lita ngapi?" Akishajibiwa hulileta la pili: "Ukiiuza wapata Boxer ngapi?"

Swali la lita lina jibu zuri kuliko wanavyodhani. Kwa mwendo wa heshima, lita moja huenda kilomita kumi na sita au kumi na saba, kwa hivyo tangi likijazwa Mombasa lakaribia kumfikisha mtu Nairobi, kilomita 480 hivi, bila kusimama Voi wala Mtito Andei ila kwa haja za kibinadamu. Hiyo ndiyo kazi ya pikipiki za namna hii. BMW walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mtindo huo mwaka 1976, walipotoa R100RS ambayo bodi yake ya kukinga upepo ilibuniwa kwa majaribio katika handaki la upepo. Honda wakaja na ST1100 mwaka 1990, wakaitengeneza hadi 2002. Zote zilimkusudia mtu anayetaka kwenda mbali, kwenda haraka, na kufika akiwa bado aweza kunyoosha mgongo. Polisi wa Uingereza waliitumia sana ST1100, jambo linalomfurahisha Ami kuliko anavyokiri.

Linalomnyima usingizi ni hili: aendelee kumtia pesa mzee huyu, au amuuze anunue ya kisasa?

Mambo yalianza na taa. Taa ya mbele ya enzi zile hutumia balbu ya H4, wati 60 kwa 55, na mtu akiipita Mazeras usiku huanza kuendesha kwa imani zaidi kuliko kwa macho. Ami akanunua balbu ya LED, akaichomeka mahali pa ile ya zamani. Tatizo ni kwamba kioo kile kilichongwa kwa ajili ya uzi mwembamba unaowaka mahali pamoja maalumu. LED haikuwakia pale pale, basi mwanga ukatawanyika: kidogo barabarani, kidogo juu ya minazi, na sehemu kubwa machoni mwa madereva wa malori. Madereva wa malori ya Mariakani hawaandiki barua za malalamiko. Huwasha taa zao zote, na lori la siku hizi lina nyingi. Ami alirudi mjini polepole akiona nyota za rangi ambazo hazimo katika falaki yoyote.

Zikafuata breki, na hapa alikuwa na haki. Mipira ya breki ikizeeka hutanuka kila unapobana, na maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ushauri wa kawaida ni kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili, na unyevu Mombasa si kitu cha kutafutwa. Akafunga mipira iliyosukwa kwa nyuzi za chuma, akatia maji mapya, breki zikashika. Zikashika hata pua ya pikipiki ikawa yainama kila akizigusa, kwa sababu springi za foki za mbele nazo zilikuwa na umri wa breki zilizotolewa. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kwamba springi zimechoka. Breki zilikuwa dhaifu mno kuzifichua. Mbele kulipotengenezwa, shokapu ya nyuma ikajulikana. Shokapu ilipobadilishwa, matairi yakaanza kulalamika. Hii ndiyo hesabu ambayo watu hawaiweki katika bajeti ya kuboresha pikipiki kuukuu: kila kilicho kizima huanika kilicho kigonjwa jirani yake.

Suala la springi lilikuwa na kisa chake. Springi nzuri huagizwa kwa uzito wa mpandaji, na fomu ya kuagizia huuliza kilo. Ami alijaza kilo za picha yake ya harusi. Mkewe aliiona fomu ile mezani, akacheka mpaka akaketi. Springi zikaja laini vilevile kama zile za zamani, zikarudishwa sandukuni, nyingine zikaagizwa kwa kilo za kweli, na mkewe ndiye aliyeijaza fomu ya pili.

Kisha yakaja mapambo. Taa za ukungu, kwa mji usio na ukungu. Chaja ya simu. Na vishikio vya usukani vinavyotoa joto, ambavyo Ami alivifunga, kwa maelezo yake, "kwa ajili ya Limuru". Limuru hajafika. ST1100 za kabla ya 1996 zilikuja na alteneta ya ampea 28, na za baadaye zikapewa ya ampea 40. Mtu mwenye ile ya kwanza yampasa ajue kutoa na kujumlisha kabla ya kuongeza waya. Ami alijumlisha tu. Betri ikakata roho kwenye foleni ya feri ya Likoni, mchana wa kaskazi, vishikio vikiwa bado vya moto kwa sababu alisahau kuvizima na kwa sababu, katika joto lile, hakuna mkono ambao ungeweza kutambua tofauti. Fundi wake aliving'oa bila kuomba ruhusa. "Ami," alisema, "joto la Mungu latosha."

Fundi huyu anastahili aya zake. Ana kibanda uchochoroni nyuma ya soko, na amekulia kwenye Boxer. Hilo si ajabu. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki za chini ya cc 250 kodi ya VAT, nchi ikajaa bodaboda, na maduka ya spea yakafuata soko. Plagi, klachi, cheni na kabureta za Boxer huning'inia mlangoni, bei inajulikana, na kijana hufungiwa spea yake huku abiria amemkalia nyuma. Ami akiingia dukani na kutaja cc 1,084, mwenye duka humvutia kiti na kumwagizia kahawa. Ndiyo njia ya adabu ya kumwambia kwamba hakuna.

Lakini siku injini ilipoanza kutetemeka ikiwa imesimama, fundi yule alionyesha kwa nini pikipiki kuukuu bado yaweza kuishi Mwembe Tayari. ST1100 ina kabureta nne, na ni lazima zivute sawa. Moja ikizidi, nyingine zaburutwa. Aliziinamia, akahesabu, akasema, "Ami, hawa ni wake wanne. Wote wapewe sawa, au nyumba haitulii." Kipimo cha kazi hiyo huuzwa ng'ambo. Yeye alinunua mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, akautia mafuta kidogo, akaupindisha umbo la U juu ya ubao, akauunganisha na kabureta mbili mbili. Mafuta hupanda upande unaovuta zaidi. Alizungusha skrubu mpaka yakasimama sawa pande zote, injini ikatulia, na malipo yake hayakufikia gharama ya kuposti kile kipimo cha ng'ambo.

Hata hivyo Ami alikwenda kuiona mpya. Kijana muuzaji alikuwa na shati lililopigwa pasi na subira ya kutosha. Akamweleza kuhusu rada. Tangu Ducati walipoitoa Multistrada V4 mwishoni mwa 2020 ikiwa na rada mbele na nyuma, pikipiki kubwa za safari zimefuata moja moja. BMW R1250RT ikaipata ya mbele, na Yamaha Tracer 9 GT+ ya mwaka 2023 nayo pia. Ukiweka mwendo, rada hutazama gari lililo mbele na kupunguza kasi yenyewe.

"Na mkokoteni?" Ami aliuliza.

Kijana akasita.

"Mkokoteni unaokuja upande usio wake, usiku, hauna taa, umejaa mbao."

Kijana akasema kwamba mfumo huo umekusudiwa barabara kuu.

"Jomo Kenyatta ni barabara kuu, mwanangu."

Kulikuwa pia na kiti cha joto, vishikio vya joto, na dashibodi ya rangi iliyotaka kuzungumza na simu. Na kulikuwa na sevisi. Pikipiki nyingi za aina hii hutakiwa sevisi kila kilomita 10,000, na kompyuta ya kuzima taa ya ukumbusho, kijana alikiri, iko Nairobi. Kwenda na kurudi ni kilomita 960. Ami, ambaye sasa alikuwa amejifunza kujumlisha na kutoa, aliona kwamba karibu sehemu ya kumi ya maisha ya kila sevisi ingekwisha katika safari ya kuitafuta.

Ingekuwa rahisi kumpa mzee ushindi hapo na kwenda kunywa chai. Haifai, kwa sababu ya ABS. BMW waliileta kwenye K100 mwaka 1988, na Honda wenyewe waliiweka kwenye baadhi ya ST1100 tangu 1992, ila si kwenye hii ya Ami. Kifaa hiki huhisi gurudumu linapotaka kukwama na kulegeza breki haraka kuliko kidole chochote. Tangu 2014, KTM na Bosch walipoiweka kwenye 1190 Adventure, kuna aina inayojua hata pembe ambayo pikipiki imelalia kwenye kona. Watafiti wa taasisi ya IIHS ya Marekani wameona kwamba pikipiki zenye ABS huhusika katika ajali za vifo kwa kiwango kilicho chini kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko aina zilezile zisizo nayo. Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha juu ya vumbi na mafuta ya malori pale Changamwe, lami hugeuka sabuni, na mipira iliyosukwa kwa chuma haisaidii kitu. Springi hununuliwa, taa hununuliwa, shokapu hununuliwa. ABS haifungwi kibandani. Kwa hili ya kisasa imeshinda, na Ami akiambiwa hubadilisha mazungumzo.

Huyabadilisha, kwa kawaida, kuyapeleka kwenye ST1300. Hiyo ndiyo iliyokuja mwaka 2002 kuchukua nafasi ya ST1100, ikiwa na petroli inayonyunyizwa kwa kompyuta na kila kilichoitwa maendeleo wakati ule. Mwaka 2007 vikosi kadhaa vya polisi vya Uingereza viliiondoa kazini kufuatia ripoti za kuyumba kwenye kasi kubwa ikiwa na mizigo ya kipolisi. Ami husimulia kisa hiki kana kwamba alikuwa shahidi mahakamani. Hataji kwamba watu wengi wasio polisi wameiendesha miaka na miaka bila shida.

Vijana wa bodaboda nao wana kisasa chao. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme papa hapa Mombasa, na sasa mmoja wao hupita kimya kimya, hupunga mkono, huenda kubadilisha betri na kurudi kabla Ami hajamaliza kupasha moto kabureta zake nne. Swali la lita kwa kijana huyo halipo tena. Humuuliza Ami bei ya matairi, nayo ni mbaya zaidi.

Kilichomaliza mjadala, kwa namna yake, ni uzito. Tracer 9 GT ina kilo 220 hivi, na tofauti hiyo huonekana siku mguu mmoja unapokanyaga mafuta kwenye petroli stesheni. Siku hiyo ilifika. ST1100 ikaanza kuinama, Ami akaishika, akagundua kwamba hakuna anayekishika kitu cha kilo mia tatu kilichokwisha kuamua, akaiachia kwa heshima. Ikalala ubavuni. Wabunifu wake walilijua hilo mapema: chini ya bodi, kila upande, kuna bawa gumu lililowekwa mahususi kwa ajili ya kuanguka, kwa hivyo haikuvunjika kioo, taa wala tangi. Ami alizunguka akikagua, akawaza bodi na rada ya ile mpya zingegharimu nini sakafuni pale, na uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ikabaki kuiinua tu.

Vijana wa bodaboda walikuja mbio, wakaizunguka, wakashauriana bei.

"Twahesabu kwa cc, Ami. Cc moja shilingi moja."

"Elfu na themanini na nne?"

"Toa elfu. Hizo themanini na nne tumekusamehe."