Virusi vya Yanga

Kwetu Sinza kompyuta haiugui maradhi mengine, ni virusi tu. Skrini ikizima, virusi. Kibodi ikigoma baada ya mtoto kuimwagia uji, virusi. Nina kisteshenari cha kuchapa na kutoa kopi, na humo nimemsikia mtu mzima, kavaa tai, akimshauri mwenzake awe anaifunika laptop usiku, virusi visije vikavuka kutoka kwa jirani.

Sababu yake ipo wazi. Virusi ni ugonjwa wenye heshima. Fundi akikwambia waya umelegea, utampa asante na maji ya kunywa. Akisema virusi, anaondoka na mashine, anaipiga Windows upya, na wewe unatoa hela huku unamwombea dua.

Na mashine yenyewe haifichi inapoumwa. Ikilia pi pi pi bila kuleta picha, mara nyingi ni RAM: chomoa umeme, itoe, sugua meno yake kwa kifutio, irudishe hadi isikike imeingia. Ikiamka inadai tupo mwaka uliokwishapita na tovuti zinaikataa, ni betri ya saa, ile bapa ya CR2032, volti 3. Lakini nani ajisifu kwa ndugu zake kwamba amebadilisha betri?

Juzi alikuja katibu wa kamati ya harusi, dada mwenye haraka zake, kukagua kadi za mchango kabla sijachapa. Kadi nyeupe, pembeni majani ya kijani. Nikamfungulia. Akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Kaka, hii kadi ya Yanga."

Kweli. Kadi nzima ilikuwa njano, majani ya kijani yamekaa pembeni kwa raha zao. Na bwana harusi ni Simba lialia.

Mgonjwa hakosi waganga. Bodaboda aliyekuwa mlangoni akisubiri abiria akasema kioo kimekufa, niende Kariakoo. Mwanachuo aliyeleta ripoti ya fildi akasema ni draiva. Mama wa chapati akasema umeme mdogo. Katibu akasema virusi, tena vya kutumwa.

Nikatoa nakala moja kwenye printa: nyeupe pe. Basi faili ni zima. Nikabonyeza kitufe cha skrini yenyewe, menyu yake ikatokea na bluu imekolea. Basi kioo nacho kizima. Akabaki mshukiwa mmoja, waya.

Waya huu wa VGA, wenye kichwa cha bluu, ulikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, na mpaka leo umejaa maofisini. Una nafasi za pini 15, safu tatu za tano tano, na nyekundu, kijani na bluu kila moja ina pini yake. Bluu ikikosa njia, kwenye weupe zinabaki nyekundu na kijani, na taa za rangi hizo mbili zikichanganyika zinatoa njano. Majani ya kijani hayadhuriki. Ndiyo Yanga hiyo.

Nikauchomoa. Mwanachuo akachungulia kichwani mwake, akashangilia: "Pini imekatika, hii hapa!" Alikuwa ameona pengo la pini ya tisa, ambayo nyaya nyingi hutoka kiwandani zikiwa hazina. Alishaanza kututazama kifundi. Mgonjwa alikuwa ya tatu, ya bluu, imelala ubavu imemwegemea jirani yake. Saluni ya pili yetu wakaniazima kibano cha nyusi, nikainyanyua taratibu, maana ukiifanyia pupa inakatika na hapo unanunua waya mwingine. Nikachomeka, nikakaza na zile skrubu mbili za pembeni ambazo watu huzidhania mapambo. Kadi ikang'aa nyeupe.

Mwanachuo akasema draiva imejirekebisha. Mama wa chapati akasema umeme umepanda. Dada katibu alishapiga simu:

"Shemeji, tulia. Virusi vya Yanga tumevitoa."

Kisha akanigeukia kuomba punguzo, kwa vile kadi yangu ilimpandisha presha.