Kivinjari Hakina Adabu

Watu wengi ninaowafahamu hawajawahi kuchagua kivinjari. Walikikuta ndani ya simu siku waliyoinunua Kariakoo, wakaanza nacho maisha. Ukiwauliza wanatumia kipi, watakujibu, "Si hii Gugo?" Ukiwaeleza kwamba Google ni mahali pa kutafutia tu, na kivinjari ni ile programu inayokufikisha hapo, watakutazama kwa huruma, kama mtu aliyeanza kuzeeka vibaya.

Wanaochagua nao wana matatizo yao. Kijiweni kwetu Temeke kuna kambi tatu. Fundi simu ni wa Chrome, kwa sababu ndiyo anayoikuta kwenye kila simu anayofungua. Dereva wa bodaboda ni wa Opera Mini tangu enzi za Nokia za vitufe, na hoja yake ina uzito: ukurasa hauji moja kwa moja kwenye simu, unapitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni, unabanwa huko, ndipo unaletewa ukiwa mwembamba. Programu hiyo ilipotolewa kwa dunia nzima mwaka 2006, MB moja ilikuwa mali ya kuhesabiwa. Wa tatu ni kijana aliyesomea kompyuta. Yeye ni wa Brave, na hakuna salamu inayopita bila yeye kukukumbusha kwamba aliyeianzisha, Brendan Eich, ndiye aliyebuni JavaScript mwaka 1995. Ukijibu "Marahaba", anaendelea na JavaScript.

Jioni moja mabishano yalipokaribia kusukumana, niliona niwasomee ukoo. Chrome, Edge ya Microsoft, Brave, kivinjari cha Samsung na hata Opera ya kompyuta ni wajukuu wa babu mmoja, Chromium; wanatofautiana kanzu tu. Opera ilikuwa na injini yake, ikaiacha mwaka 2013. Microsoft nao walikuwa na yao, wakaiweka kando na kuhamia kwa babu huyo mwaka 2020. Anayeishi nje ya boma ni Firefox, mwenye injini yake ya Gecko. Safari ya Apple inatumia WebKit, na hiyo injini ya Chrome yenyewe ilichipuka kutoka WebKit mwaka 2013, kwa hiyo hao nao ni binamu.

Kijiwe kikanyamaza. Kisha kijana wa kompyuta akauliza, "Kwa hiyo mzee, mimi na fundi ni ndugu?" Fundi akasema yeye hana undugu na mtu anayekopa chaja na harudishi.

Nyumbani hakuna kambi, kuna kurasa. Mke wangu hafungi ukurasa. Akifungua mapishi ya biriani leo, biriani hiyo inabaki wazi mpaka Ramadhani ijayo, ikiwa imezungukwa na bei za mapazia, tafsiri za ndoto na habari za msanii ambaye ndoa yake imeshavunjika na kuungwa tena. Siku moja akaniletea simu akiwa na wasiwasi. "Baba Asha, hebu ona. Mbona simu inanicheka?"

Nikatazama. Kweli ilikuwa inacheka. Chrome ya Android huonyesha juu idadi ya kurasa ulizofungua, lakini zikizidi 99 huacha kuhesabu na kuweka alama ya nukta mbili na herufi D. Ukiinamisha kichwa unaona uso umeachama kwa kicheko. Simu yenyewe ina RAM ya GB 2. Nilishauri tuzifunge zote mara moja. Nikaulizwa kama nimewahi kuona mtu anachoma maktaba.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimejitia kwenye vivinjari vyepesi kwa ajili ya bando. (Hicho changu si cha dereva wa bodaboda, asije akaninunia.) Kwa magazeti na matokeo ya mpira kilinitosha kabisa. Kisha ikaja fomu ya taasisi moja ambayo jina nalihifadhi. Nikajaza jina, nikajaza kata, nikajaza jina la mama kabla ya kuolewa, nikabonyeza "Wasilisha". Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, maana sisi wazee tunaamini kitufe husikia maumivu. Kimya. Tatizo la vivinjari vya kubana ni kwamba fomu za siku hizi zinaendeshwa na hiyo hiyo JavaScript ya kijana wetu, na ukurasa ukishabanwa, vitufe mara nyingi hubaki kama picha tu. Unaviona, lakini havina kazi.

Nikaenda stesheneri. Kijana wa pale ana kompyuta ya mtumba yenye Windows 7, na kwenye kioo bado ipo ile "e" ya buluu ya Internet Explorer, iliyozaliwa 1995 na kustaafishwa Juni 2022. Haifanyi kitu, imekaa tu, na mimi niliisalimu kimoyomoyo. Nilipomwambia afungue Chrome, akatikisa kichwa: Chrome iliacha kuihudumia Windows 7 mwanzoni mwa 2023. Yeye anatumia Firefox toleo la 115, ambalo Mozilla waliendelea kulitunza kwa ajili ya kompyuta kuukuu kama yake. Hakunihubiria wala kuniambia nani alianzisha nini. Alikuwa amechagua kivinjari kwa sababu kinafanya kazi kwenye mashine aliyonayo, na fomu ikaenda.

Shemeji yangu yeye alichagua kwa ajili ya siri. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba hela ya vigae vya sebuleni haipo, na wakati huo huo usiku anatafuta Toyota IST. Akagundua dirisha la siri, lile jeusi lenye kofia na miwani, akajiona amekwisha kuwa mpelelezi. Ni kweli ukilifunga dirisha hilo linafuta orodha ya ulikopita. Lakini mtandao wa simu bado unajua umekwenda wapi, tovuti yenyewe inajua, na chochote ulichopakua kinabaki. Shemeji alipakua picha za gari la rangi ya fedha, upande wa mbele na upande wa nyuma. Zikajipanga kwenye picha za simu, katikati ya kipaimara cha mtoto. Dada yangu aliuliza swali moja tu: "Hii ni ya nani?" Vigae vimewekwa, na ni vizuri sana.

Lakini aliyenifunza mengi kuliko wote ni mpwa wangu, anayesoma chuo kwa ada yangu. Alikuja kunisalimia, akaazima simu yangu kuchapisha kazi yake, akaingia kwa akaunti yake, akachapisha, akaaga kwa heshima zote. Kesho yake nikataka kujua jinsi ya kuondoa mchwa. Nikaandika "jinsi ya". Kivinjari, kwa ukarimu wake, kikanimalizia: jinsi ya kumwambia mjomba umepata sapu. Chini yake: sapu tatu unafukuzwa chuo. Chini zaidi: mjomba anaweza kudai ada irudishwe.

Nikampigia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Masomo?" "Yanaenda vizuri sana, mjomba." Nikamwambia nimefurahi, na kwamba mjomba haruhusiwi kudai ada irudishwe, nimeshaangalia. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

Kwa hiyo uamuzi wangu ndio huu. Kwenye simu nina vivinjari viwili, chepesi cha magazeti na kizima cha fomu, na kwa kuwa matangazo yanakula bando kuliko habari zenyewe, na Brave huyazuia, yule kijana wake namkubalia hapo, hapo tu. Mwenye kompyuta ya zamani afuate wa stesheneri. Na nyinyi vijana mnaoazima simu za wajomba, kwenye akaunti kuna mahali pameandikwa "Ondoka". Tafadhali, pabonyezeni kabla hamjarudisha simu.