Betri ya Gari Lililopumzishwa

Betri ya gari la ofisi lililoegeshwa miezi mitatu ni mali ya umma, hivyo haipaswi kusumbuliwa. Ikijaa husoma takriban volti 12.6. King'ora na saa huinyonya usiku na mchana, bila likizo wala posho; bidii ya namna hiyo ni adimu ofisini. Ikiachwa chini ya volti 12.4, salfeti huganda kwenye mabamba ya risasi, nayo hustaafu kabla ya umri wake. Wapo wakorofi wanaochomoa waya wa hasi kwa spana namba 10, au kuichaji kila mwezi, wakiinyima kamati ya manunuzi kikao chake. Wenye busara husubiri ife, huita walinzi wasukume, kisha hununua mpya. Risiti hutunzwa vizuri sana.